Tingatinga: Mhudumu wa hospitali aliyechora jioni, akaiachia dunia jina lake

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KILA kukicha, vijana wengi wa Kata ya Terrat, pembezoni mwa Jiji la Arusha, hushika njia kwenda mjini, Mlima Meru ukiwa mbele yao, kutafuta riziki. Wapo waendao kwenye ujenzi, wapo waendao sokoni na wapo waendao kulinda malango ya watu. Miongoni mwao hakosi kijana mwenye kipaji cha kuchora, kuimba au kuchonga, ambaye moyo wake hubaki kwenye kazi aipendayo huku mikono yake ikifanya kazi impayo chakula.

Kijana wa namna hiyo huulizwa na wazazi wake ni lini ataacha mchezo atafute kazi. Yeye naye, awapo peke yake, hujiuliza ni lini ataacha kazi ajitose katika sanaa. Maswali hayo mawili yanaonekana kupingana, lakini yamejengwa juu ya dhana moja, kwamba kazi ya mshahara na kazi ya moyo haziwezi kukaa nyumba moja.

Yupo Mtanzania ambaye maisha yake yanatia shaka dhana hiyo. Jina lake hutamkwa kila siku katika maduka ya vinyago ya Arusha, ambako watalii waendao Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro hununua picha za twiga, tembo na chui zilizopakwa rangi kali za kung'aa. Wengi wa wanaozinunua picha hizo huzijua kwa jina la tingatinga, wakidhani ni jina la mtindo tu. Wenyeji nao, wakilisikia neno hilo, hukumbuka kwanza ule mtambo wa kulimia na kusukuma udongo. Kumbe lilikuwa jina la mtu aliyezaliwa, akafanya kazi, akaoa, akachora na akafa kabla hajapata kuuona umaarufu wake.

Mtu huyo ni marehemu Edward Saidi Tingatinga.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, eneo la Nakapanya, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba yake alikuwa Mngindo na Mwislamu, mama yake alikuwa Mmakua na Mkristo, na ndiyo maana mtoto huyo alibeba majina ya pande zote mbili za imani, Edward na Saidi.

Kusini ya wakati huo haikuwa na ajira nyingi. Vijana wa Tunduru, Masasi na Newala walizoea kufunga safari ndefu kwenda kaskazini, kwenye mashamba ya mkonge, zao lililokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa Tanganyika ya mkoloni. Mwaka 1957 Tingatinga naye aliifuata njia hiyo, akaenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga.

Kazi ya mkonge haikuwa ya mchezo. Mkataji alikuwa na kipimo cha kutimiza kila siku, na majani ya mmea huo yana miiba inayochoma. Baada ya takriban miaka miwili, mwaka 1959, ndugu yake aliyekuwa mpishi wa ofisa wa Kiingereza jijini Dar es Salaam alimwita, naye akapata kazi ya kutunza bustani.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mwajiri yule alirejea kwao Uingereza na Tingatinga akabaki bila kazi. Kuanzia hapo aliishi maisha ambayo wakazi wengi wa mijini wanayajua, maisha ya kibarua leo na kesho kutafuta kingine. Alishika kazi za ujenzi na shughuli ndogo ndogo za kujipatia fedha, na katika miaka hiyo alijulikana pia miongoni mwa watu wa kusini waishio Dar es Salaam kama mpiga muziki na mchezaji wa ngoma.

Jambo hilo la muziki halifai kupitwa haraka. Linaonyesha kwamba Tingatinga hakuanza kuwa msanii siku aliposhika brashi. Furaha ya kubuni ilikuwamo ndani yake tangu zamani, nayo ilitafuta mahali pa kutokea katikati ya vibarua.

Mahali hapo palipatikana mwaka 1968. Ilikuwa mwaka mmoja tu tangu Azimio la Arusha litangazwe katika mji huu mwezi Februari 1967, na neno kujitegemea lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Jijini Dar es Salaam walikuwapo wachoraji kutoka Kongo waliokuwa wakiuza picha zao mitaani. Tingatinga, aliyekuwa na umri wa takriban miaka 36, ambaye hakuwa amepita chuo chochote cha sanaa, aliona kwamba naye anaweza.

Alianza kwa vifaa alivyoweza kuvipata. Hakununua turubai wala rangi za wachoraji, ambazo ni ghali na ziliuzwa mahali pachache. Alichukua vipande vya hadibodi, yale mabamba yatumikayo kujengea dari, vyenye upana na urefu wa futi mbili hivi, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Mtu aliyewahi kufanya kazi ya ujenzi alivijua vitu hivyo vyote, bei zake na maduka yake.

Vifaa vile ndivyo vilivyochangia kuumba mtindo. Rangi ya baiskeli inang'aa, haichanganyiki kwa urahisi kama rangi laini za wachoraji, na kila tabaka lazima lisubiriwe likauke kabla ya kupakwa jingine. Kwa hiyo mchoraji hutandaza kwanza rangi moja ya nyuma, kisha huweka umbo kubwa la mnyama, kisha madoa, mistari na macho. Katika picha nyingi za Tingatinga mwenyewe, mnyama mmoja huijaza karibu bamba zima, mara nyingine mkia wake ukipinda ili upate nafasi.

Kuhusu chimbuko la mtindo huo wataalamu wamekuwa na mjadala. Wapo wanaouhusisha na michoro ambayo watu wa kusini walikuwa wakiipaka kwenye kuta za nyumba zao za udongo, na wapo wanaoona zaidi ushawishi wa soko la Dar es Salaam na wale wachoraji wa Kongo. Yawezekana pande zote mbili zina sehemu ya ukweli, kwa kuwa mtu hubeba kwao akaenda mjini, na mjini nako humfunza.

Soko lake lilikuwa Oysterbay, nje ya duka lililojulikana kama Morogoro Stores. Hapo walipita wageni wengi, wakiwamo maofisa wa balozi na wataalamu wa kigeni waliokuja kufanya kazi katika taifa changa. Picha ziliuzwa kwa bei ndogo, na kwa kuwa zilikuwa ndogo kwa umbo, mnunuzi aliweza kuibeba yake mkononi na kuondoka nayo hadi kwao.

Katika kipindi hicho hicho cha uchoraji, Tingatinga alipata ajira katika Hospitali ya Muhimbili, akiwa mhudumu. Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Mtu ambaye picha zake zilikwisha kupata wanunuzi hakuikataa kazi ya hospitali kwa kudhani kwamba inamshushia hadhi ya usanii. Aliishika. Mchana alihudumu wodini, na muda uliobaki aliutoa kwa hadibodi na makopo yake ya rangi.

Kwa hesabu ya kawaida, jambo hilo linaonekana kuwa hasara, maana saa ambazo angechora zilikwenda kwa wagonjwa. Lakini ipo hesabu nyingine. Mshahara wa mwezi, hata uwe mdogo, humwondolea mchoraji hofu ya kulala njaa endapo watalii hawatapita wiki nzima. Anayechora bila hofu hiyo anaweza kumchora chui kama amwonavyo yeye, si kama anavyodhani mteja atampenda. Ajira ya Muhimbili haikuiua furaha yake ya kuchora. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, iliilinda.

Hata hivyo, ingekuwa uongo kusema kwamba aliyaweza hayo peke yake. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, nao walijaliwa watoto wawili. Mkewe hakukaa kando ya kazi ile. Alikuwa akizipeleka picha Morogoro Stores na kuziuza, wakati mumewe yuko kazini. Bila mtu wa kuziuza, picha za mfanyakazi wa hospitali zingejaa ukutani nyumbani kwake, na bila fedha ya picha kusingekuwa na rangi ya kuchorea nyingine.

Wanaosimulia maisha ya wasanii wetu huisahau sehemu hii mara nyingi. Humtaja mwenye brashi na kumwacha aliyesimama juani na mzigo wa picha akibembelezana bei na wapita njia. Nyuma ya wasanii wengi wanaosifiwa kwa kujitegemea yupo mwenzi, mama au ndugu aliyebeba nusu ya mzigo huo.

Kadiri wanunuzi walivyoongezeka, Tingatinga aliwakaribisha vijana wa karibu naye, wengi wao ndugu na watu wa kwao kusini, akawafundisha. Wanafunzi hao wa kwanza walikuwa January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia. Hakukuwa na ada wala cheti. Walijifunza kwa kutazama na kusaidia, kama mtoto wa fundi seremala ajifunzavyo kwa baba yake, kisha kila mmoja akaanza kuchora picha zake.

Serikali nayo ilianza kuuona uwezo huo. Shirika la umma lililoshughulikia biashara ya kazi za sanaa katika miaka hiyo lilianza kununua picha zake, na kwa njia hiyo mchoraji wa pembeni mwa duka akawa na mnunuzi wa uhakika. Kila dalili ilionyesha kwamba siku si nyingi angeweza kuamua mwenyewe kama aendelee na kazi ya hospitali au aiache.

Uamuzi huo hakupata kuufanya. Mwaka 1972, jijini Dar es Salaam, Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu aliyekuwa akisakwa. Alifariki dunia akiwa na umri wa takriban miaka 40, akamwacha mjane na watoto wadogo.

Tangu aliposhika brashi hadi kifo chake ilikuwa imepita miaka minne hivi. Sehemu kubwa ya miaka hiyo haikuwa hata miaka kamili ya uchoraji, ilikuwa jioni na siku za mapumziko za mtu mwenye ajira. Msomaji anayejihesabia kwamba hana muda wa kutosha kwa kazi aipendayo na aitafakari hesabu hiyo.

Wanafunzi wake wangeweza kutawanyika baada ya msiba ule. Badala yake wengi walibaki pale pale Oysterbay wakiendelea kuchora, nao wakauita mtindo wao kwa jina la mwalimu. Simon Mpata alihamia Nairobi na kuufikisha mtindo huo Kenya. Mwaka 1990 wachoraji wa Dar es Salaam waliandikisha chama chao cha ushirika, kikiwa na jina la Tingatinga, ili wauze kwa pamoja na kugawana mapato kwa utaratibu. Daudi, mtoto wa marehemu, naye alikuja kuwa mchoraji.

Kutoka hapo jina lile lilikwenda mbali. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza na nchi nyingine walianza kutazama katika televisheni katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi, zikisimulia hadithi za wanyama wa Afrika kwa michoro iliyotokana na mtindo wa yule mhudumu wa Muhimbili. Picha alizozichora mwenyewe, zilizouzwa kwa shilingi chache, leo husakwa na wakusanyaji wa sanaa wa Ulaya na Marekani kwa bei ambazo yeye hakupata kuziota.

Lakini urithi huo una upande wake wa uchungu. Mtindo uliozaliwa katika muda wa ziada wa mtu mwenye mshahara umekuwa kazi pekee ya maelfu ya vijana wasio na mshahara. Mtalii anataka tembo watatu mbele ya Mlima Kilimanjaro, na mchoraji humchorea tembo watatu. Kesho anakuja mwingine anayetaka wale wale. Baada ya mwaka mkono umezoea kiasi kwamba picha inatoka bila macho kuitazama, na mchoraji aliyeingia katika sanaa akikimbia kazi ya kuchosha anajikuta ameajiriwa na tembo watatu.

Hakuna wa kumlaumu kijana huyo, kwani ana kodi ya nyumba na watoto wa kuwasomesha. Ila inafaa ieleweke kwamba kuacha ajira si lazima kuwe ndio uhuru wa msanii. Wakati mwingine bosi mmoja huondoka na mahali pake wakaja wengi, kila mmoja akiwa na kamera shingoni na dakika tano za kupatana bei.

Tingatinga hakuwa wa kwanza kuishi maisha hayo ya pande mbili. Shaaban Robert, aliyezaliwa mkoani Tanga mwaka 1909, aliingia katika ukarani wa Idara ya Forodha mwaka 1926 na kuendelea kuitumikia Serikali katika ofisi mbalimbali kwa zaidi ya miaka 30. Vitabu vyake vinavyosomwa shuleni hadi leo viliandikwa na karani aliyekuwa na meza, mkubwa wa kazi na saa za kufika ofisini. Alifariki dunia mwaka 1962.

Siti binti Saad wa Zanzibar, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza mjini kabla sauti yake haijarekodiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928. Na huko Ufaransa alikuwapo Henri Rousseau, mtoza ushuru wa jiji la Paris, ambaye hakusomea sanaa na aliyechora simba na misitu ya nchi za joto ilhali hakupata kutoka nje ya nchi yake. Aliacha kazi ya ushuru mwaka 1893 akiwa na umri wa miaka 49. Watu wa mjini walimcheka, lakini picha zake sasa zimo katika majumba makubwa ya makumbusho.

Watu hao wanne hawakufanana kwa dini, rangi wala lugha. Walichofanana ni kwamba hawakuingoja siku watakayokuwa huru kabisa ndipo waanze. Walianza wakiwa wamechoka, jioni, na vitu walivyokuwa navyo.

Yapo pia mambo ambayo juhudi ya mtu mmoja haiwezi kuyatibu. Tingatinga hakuacha mkataba wowote juu ya mtindo wake, na hata kama angeuacha, sheria hulinda picha fulani, hailindi namna ya kuchora. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi ya msanii kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mtu aliyefariki mwaka 1972, miaka hiyo ilitimia mwaka 2022. Msanii anayeanza leo hana budi kuyajua hayo mapema, kuweka sahihi kwenye kazi zake, kuhifadhi kumbukumbu zake na kujiunga na wenzake, kama walivyofanya wale wa Oysterbay.

Wazazi nao wana lao la kujifunza. Mtoto anayechora baada ya kazi hajapotea, mradi hiyo kazi anaifanya. Anaweza kuwa anaitafuta njia ile ile iliyopitwa na mtoto wa wakulima wa Tunduru, kutoka shamba la mkonge hadi bustani ya mzungu, kutoka bustani hadi wodi ya wagonjwa, na kutoka wodini hadi kwenye kuta za dunia.

Na kwa kijana wa Terrat ambaye kesho asubuhi ataiona tena Meru mbele yake akienda kibaruani, habari hii haimwambii aache kibarua wala haimwambii aache kuchora. Inamkumbusha tu kwamba rangi ya baiskeli ingali inauzwa madukani, na kwamba jioni ya kesho ni yake.

Mwenyezi Mungu aiweke roho ya marehemu Edward Saidi Tingatinga mahali pema peponi. Amina.